Mgambo wa makoloni ya Marekani: nani alilipwa kwa mazoezi, na nani alitozwa

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu mgambo wa makoloni ya Uingereza kule Amerika Kaskazini ni hili: siku ya mazoezi askari alipata kiasi gani? Kwa karibu miaka 150 kabla ya vita ya uhuru, jibu katika makoloni mengi lilikuwa kwamba hakupata kitu. Tena zaidi ya hapo, aligharimia mwenyewe bunduki, baruti na risasi, akapoteza kazi ya siku nzima, na asipofika alitozwa faini. Gwaride la mgambo lilikuwa kodi iliyolipwa kwa mwili na kwa mali, wala halikuwa ajira. Malipo ya mazoezi yalikuja mwishoni kabisa, 1774 na 1775, na yalikuja kwa sababu maalumu. Asiyelishika hili tangu mwanzo atazisoma vibaya hesabu zote zinazofuata.

Tuanze na Massachusetts, maana kumbukumbu zake ndizo zilizo kamili kuliko nyingine. Septemba 1630, koloni likiwa bado changa, baraza lake la uongozi liliagiza vijiji vichangishwe pauni 50 za kuwatunza Daniel Patrick na John Underhill, wanajeshi wazoefu waliopewa kazi ya kuwafundisha walowezi. Fedha zilikuwepo, lakini zilikuwa za mwalimu. Mwanafunzi alifika uwanjani kwa sheria. Mwaka 1631 kila kapteni aliamriwa kuifanyisha kombania yake mazoezi kila Jumamosi. Kwa mkulima anayefyeka msitu na kujenga nyumba, hiyo ilikuwa siku moja kati ya sita za kazi, na haikudumu. Mwaka uliofuata ikawa mara moja kwa mwezi, mwaka 1637 ikawa mara nane kwa mwaka, na sheria ya 1693 ikaishusha hadi siku nne kwa mwaka, isizidi hapo. Kila punguzo ni jibu la wananchi kwa mzigo usio na ujira. Mimi nauona mteremko huo kuwa kipimo kizuri zaidi cha gharama ya mazoezi kuliko hesabu yoyote ya fedha.

Sheria hiyo ya 1693 inafaa kusomwa kifungu kwa kifungu, kwa kuwa ndiyo iliyoweka muundo ulioendelea hadi karne iliyofuata. Wanaume wote wa miaka 16 hadi 60 waliandikishwa, isipokuwa waliosamehewa: wachungaji wa makanisa, waganga, watu wa Chuo cha Harvard, wasagaji wa nafaka, wavushaji wa vivuko, wavuvi wa kudumu na wengineo. Aliyebaki alipaswa kuja na gobore la gumegume lililo zima, mtutu wake usiwe mfupi kuliko futi tatu na nusu, yaani zaidi kidogo ya mita moja. Aje na shanta, na mkanda wa vichupa 12 vya baruti au kisanduku cha risasi. Ndani ya vitu vyake iwemo ratili moja ya baruti nzuri, risasi 20 zinazoingia vizuri katika mtutu wake, na mawe 12 ya gumegume. Juu ya hayo upanga au sime, skrubu ya kuchomolea risasi iliyokwama, na waya wa kuzibulia tundu la kuwashia.

Vitu hivyo viwili vya mwisho vinaonekana vidogo, lakini ndivyo vilivyowagharimu watu faini. Baruti nyeusi huacha masizi mazito kila inapolipuka. Baada ya milipuko michache tundu dogo linalopitisha moto kutoka kwenye kibakuli cha baruti ya kuwashia hadi ndani ya mtutu huziba, kibakuli kikawaka na bunduki isilie. Bila waya askari amekwama. Na akijaza risasi ya pili akidhani ya kwanza imetoka, bila skrubu hana njia salama ya kuichomoa. Jiwe nalo hupoteza makali, likaacha kutoa cheche za kutosha, ndiyo maana sheria ilitaka 12 wala si moja. Risasi nazo hazikutoka ghala moja. Kila bunduki ilikuwa na upana wake, hivyo kila mtu aliyeyusha risasi zake kwa kalibu yake mwenyewe, na za jirani huenda zisiingie.

Adhabu zilipangwa kwa viwango. Kutofika gwarideni kulikuwa shilingi 5 kwa siku, kukosa bunduki shilingi 6, na kila upungufu mwingine shilingi 2. Aliyekaidi amri uwanjani aliweza kufungwa shingo na miguu pamoja, kupandishwa farasi wa mbao, yaani kukalishwa juu ya ubao wenye ukingo mkali, au kutozwa hadi shilingi 10. Faini ilizidi ujira wa kibarua wa siku nzima, na kwa makusudi, kwa sababu ingekuwa ndogo, mtu mwenye kazi nzuri angeona heri ailipe akaendelee na shughuli zake. Karani wa kombania ndiye aliyeshika daftari, akaita majina, akakagua silaha, na kama mtu hakulipa akakamata mali yake. Fedha zilizopatikana ziliingia katika mahitaji ya kombania, kama bendera na ngoma. Kwa hiyo ukikuta hesabu za kombania zenye shilingi nyingi, usiharakishe kusema askari walilipwa. Mara nyingi hizo ni fedha zilizotoka mifukoni mwao.

Maskini walifanyiwaje? Sheria ilikuwa na njia mbili, na zote zinaonyesha jinsi fedha taslimu zilivyokuwa adimu. Asiyeweza kununua bunduki alipeleka kwa karani mahindi au bidhaa nyingine inayouzika, yenye thamani iliyozidi bei ya silaha kwa sehemu moja ya tano. Karani aliuza, akanunua silaha. Ile ziada ilikuwa kinga dhidi ya bei kushuka. Asiyekuwa na kitu kabisa alipewa silaha kutoka akiba ya mji. Na mji nao ulibanwa: kwa kila askari 60 walioandikishwa ulitakiwa kuwa na pipa la baruti nzuri, ratili 200 za risasi na mawe 300 ya gumegume. Kusini, Virginia, faini za mgambo zilihesabiwa kwa ratili za tumbaku kwa muda mrefu, kwa sababu tumbaku ndiyo iliyokuwa fedha ya huko.

Kuna kundi jingine ambalo deni lake la mazoezi lilidaiwa kwa njia isiyo ya haki, na wengi wanaoandika juu ya mgambo hulipita bila kulitaja. Mwaka 1652 Massachusetts iliwataka Waafrika na Wahindi Wekundu waliokaa na Waingereza wafanye mazoezi kama wengine. Mwaka 1656 ikawaondoa. Kisha 1707 ikatungwa sheria kwa Waafrika huru: kwa kuwa hawafanyi gwaride, wafanye kazi ya kutengeneza barabara kwa siku zinazolingana na siku za mazoezi, na asiyefika atozwe shilingi 5 kwa siku, kiasi kilekile cha faini ya mgambo. Hapo tunaona serikali yenyewe ikikiri kwamba siku ya gwaride ni siku ya kazi isiyolipwa, inayoweza kubadilishwa kwa siku ya sururu. Virginia iliwaweka Waafrika huru na Wahindi Wekundu katika mgambo kama wapiga ngoma, wapiga tarumbeta na wachimbaji, bila silaha. Kufikia 1775 desturi huko Massachusetts ilikuwa imelegea. Prince Estabrook, mtumwa wa Lexington, alisimama na kombania ya kapteni John Parker asubuhi ya Aprili 19, vita ya uhuru ilipoanza huko, akajeruhiwa kwa risasi.

Je, siku ya gwaride haikuwa na faida yoyote kwa aliyekuja? Ilikuwepo, ila haikuandikwa katika sheria. Ilikuwa siku ya kukutana, kula na kunywa, na maofisa walitarajiwa kuwakirimu watu wao, hasa kwa ramu. Pale ambapo kombania ilichagua maofisa wake, ukarimu huo ulikuwa na uzito wa kura. Kuuita mshahara ni kosa, ila anayehesabu gharama za ofisa asiuache. Ofisa naye hakulipwa kwa siku ya kawaida ya mazoezi, na bado alitoa zaidi ya wengine.

Sasa tuje 1774, ambapo malipo ya mazoezi yenyewe yanaanza kuonekana. Oktoba 26 mwaka huo Bunge la Jimbo la Massachusetts, lililokutana bila idhini ya gavana wa mfalme, liliagiza angalau robo ya mgambo ipangwe katika kombania za watu wasiopungua 50, tayari kuondoka kwa taarifa fupi kabisa. Hao ndio walioitwa watu wa dakika. Siku mbili baadaye liliwaambia watoza kodi wasizipeleke tena fedha kwa mweka hazina wa mfalme, Harrison Gray, bali kwa Henry Gardner wa mji wa Stow. Bila hatua hiyo ya pili, ya kwanza ingekosa fedha.

Desemba 10 likatoka tangazo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa mada hii yote. Kila mtu wa dakika apewe bunduki nzima, singe, mfuko wa risasi, shanta na risasi 30 pamoja na baruti yake. Afanye mazoezi mara tatu kwa wiki, na zaidi nafasi ikipatikana. Na ili kuwatia moyo, miji iwalipe watu wake wa dakika malipo ya kuridhisha kwa huduma yao. Wakiitwa wote kwa jumla, jimbo ndilo litakalowalipa.

Pima tofauti. Sheria ya zamani ilidai siku nne kwa mwaka, na hii inadai mara tatu kwa wiki. Mtu anaweza kutoa siku nne bure. Kumtoa shambani au karakanani zaidi ya mara 100 kwa mwaka bila ujira ni kumfilisi, na wale viongozi walilijua hilo. Malipo yalizaliwa pale mahitaji yalipozidi wajibu wa kawaida, wala mgambo wa kawaida aliyebaki na siku zake nne hakuyapata.

Tangazo hilo pia liliunda mifuko miwili, na hapa ndipo watafiti wengi wa ukoo hupotea. Malipo ya mazoezi yalitoka kwenye mfuko wa mji. Mkutano wa wananchi ulipiga kura, ukaweka kiwango kwa kila zoezi, mara nyingi nusu siku, ukaweka masharti ya kuhudhuria, na mweka hazina wa mji akalipa kwa kufuata orodha ya mahudhurio. Kila mji ulipanga kiwango chake, na ndiyo maana kutafuta kiwango kimoja cha Massachusetts nzima ni kujisumbua. Ukitaka kujua mtu alilipwa kiasi gani kwa mazoezi, nenda kwenye kumbukumbu za mikutano na hesabu za mji wake. Malipo ya kuitwa vitani yalitoka jimboni, na karatasi zake ziko kwenye nyaraka za jimbo. Jina linaweza kuwepo upande mmoja na lisiwepo upande wa pili, na pasiwe na kosa lolote.

Karatasi za jimbo zinazojulikana zaidi ni orodha za tahadhari ya Lexington, za walioitikia wito wa Aprili 19, 1775. Kapteni aliandika jina, cheo, maili alizosafiri mtu, siku alizotumika na jumla, akaapa kuwa ni kweli, kisha orodha ikapitishwa na hati ya malipo ikatoka kwa mweka hazina. Maili moja ililipwa peni 1. Siku ililipwa kwa kugawanya mshahara wa mwezi.

Hesabu yenyewe inataka uangalifu. Msomaji aliyezoea shilingi yenye senti 100 aiweke kando: shilingi ile ilikuwa na peni 12, pauni shilingi 20, na peni moja robo 4. Mshahara wa askari wa kawaida uliowekwa na Massachusetts Aprili 1775 ulikuwa shilingi 40, yaani pauni 2, kwa mwezi. Lakini mwezi huo ulikuwa wa siku 28. Shilingi 40 ni peni 480, ukigawa kwa 28 unapata peni 17 na sehemu moja ya saba kwa siku. Chukua askari aliyetumika siku 5 na kuandikiwa maili 40. Siku zake ni shilingi 7 na peni 1 na sehemu tano za saba, ambazo karani ataziandika kama robo 2 au 3 za peni. Maili zake ni shilingi 3 na peni 4. Jumla ni shilingi 10 na peni 5 na kitu. Njia rahisi ya kukagua orodha ni kutafuta mtu wa siku 7, maana lazima apate shilingi 10 kamili, pasipo robo. Asipopata hizo, ama cheo chake ni kingine, ama karani amekosea, ama tarakimu imesomwa vibaya. Na kabla ya kutumia maili kukadiria mtu alifika wapi, angalia kama zimehesabiwa za kwenda tu au za kwenda na kurudi.

Mwezi wa siku 28 ulileta mgogoro. Mwaka una miezi 13 ya aina hiyo, hivyo kwa mwaka askari angepata pauni 26, wakati kwa miezi ya kalenda angepata 24. Jeshi lilipokabidhiwa kwa jenerali George Washington na Bunge la Bara, yaani bunge la pamoja la makoloni, likashika miezi ya kalenda, watu wa Massachusetts walinung'unika, na walikuwa na haki: walijiandikisha kwa hesabu nyingine, na tofauti ilikuwa mshahara wa mwezi mzima.

Mtego wa pili ni sarafu. Kila koloni lilikuwa na pauni yake ya hesabu, na kiungo kilikuwa riale ya fedha ya Hispania, ileile iliyopita katika biashara hadi pwani ya Afrika Mashariki. Riale moja ilihesabiwa shilingi 4 na peni 6 kwa fedha ya London, shilingi 6 Massachusetts na Virginia, shilingi 7 na peni 6 Pennsylvania, na shilingi 8 New York. Juni 14, 1775 Bunge la Bara liliweka mshahara wa askari wa kombania zake za kwanza za bunduki za shabaha kuwa riale 6 na theluthi mbili kwa mwezi. Hizo zidisha kwa 6, utapata shilingi 40 zilezile za Massachusetts. Kwa hesabu ya Pennsylvania ni pauni 2 na shilingi 10, na kwa New York ni pauni 2, shilingi 13 na peni 4. Mshahara ni mmoja, umeandikwa kwa sura tatu. Mtu asiyejua atasema askari wa New York walilipwa vizuri zaidi.

Virginia ndiyo inayotoa mfano wazi wa mazoezi yenye mshahara, na wa namna mpango unavyoweza kuharibika. Katikati ya 1775 mkutano wake uliamua kuunda vikosi vya watu wa dakika vitakavyoanza na kambi ya siku 20 mfululizo, na baadaye kambi za siku 12 mara mbili kwa mwaka. Kambini askari alipata shilingi 1 na peni 4 kwa siku. Kwa siku 20 hiyo ni pauni 1, shilingi 6 na peni 8. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 40, sawasawa na kwingineko. Kapteni alipata shilingi 6 kwa siku, yaani mara nne na nusu ya askari. Massachusetts kapteni alipata pauni 6 kwa mwezi, mara tatu tu.

Pengo hilo liliwauma wakulima wadogo, na kuandikishwa kukazorota. Siku 20 mbali na nyumbani zilimwumiza zaidi mtu asiye na watumwa wa kumfanyia kazi, huku wasimamizi wa mashamba ya watumwa wakiwa wamesamehewa utumishi. Kaunti ya Loudoun ilikuwa na msukosuko mapema 1776, tofauti ya mishahara ikiwa miongoni mwa malalamiko, na wapangaji wakikataa kulipa kodi za ardhi. Msamaha wa wasimamizi uliondolewa mwaka huohuo. Kiasi cha fedha peke yake hakikuwa kibaya. Kilichowachosha watu ni kwamba mzigo ulikuwa mmoja na malipo yalipishana mno.

Baada ya uhuru mambo yalirudi palepale. Sheria ya mgambo ya serikali ya Marekani ya Mei 8, 1792 iliwaandikisha wanaume weupe wa miaka 18 hadi 45, ikawataka wajinunulie bunduki, singe, mawe mawili ya akiba, shanta na mfuko wenye nafasi ya risasi zisizopungua 24 zilizofungwa na baruti yake. Mshahara wa gwaride haumo. Ila kuna kifungu kimoja kinachowajali: silaha na vifaa hivyo visikamatwe kwa deni wala kwa kodi.

Mwisho, kuhusu karatasi ambazo mara nyingi huchanganywa na malipo ya mgambo. Katika nyaraka za Massachusetts za mwishoni mwa 1775 zipo hati za askari akiomba koti lake au fedha zinazolingana nalo. Koti hilo lilikuwa ahadi kwa waliojiandikisha katika jeshi la jimbo baada ya Lexington, hadi mwisho wa mwaka. Mtu wa dakika aliyefanya mazoezi majira yote ya baridi, akaitikia wito wa Aprili akatumika siku zake chache kisha akarudi shambani, hakuwa na haki ya koti. Hati ya koti ikiwepo, mtafute mtu huyo katika orodha za jeshi hilo, na mazoezi yake ya mgambo yatafute kwenye daftari la mji.